Shangazi nijibu: mke ndo mwenye mshahara, baba wa nyumba nani?

Hamjambo wasomaji wangu? Zamani mlikuwa mnaniandikia habari za wivu na mawifi, sasa hivi kila meseji nikifungua ni hela tu, kadi ya benki, kiwanja, nani alipe ada, nani kamficha nani mkopo. Nimechagua chache zinazokaribiana, zile ndefu nimezikata (kuna mmoja katuma rundo la sauti za WhatsApp, mwanangu nimezisikiliza zote huku napika) na majina nimeyatoa kama kawaida yetu.

Anataka kadi yangu ya benki

Shangazi shikamoo. Mimi ni nesi, niko kwenye ndoa mwaka wa nane, tuna watoto wawili. Mume wangu alikuwa kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, wakapunguzwa mwaka juzi, mpaka leo hajapata kazi ya kueleweka, mara yuko kwa rafiki mara yuko kijiweni. Kodi natoa mimi, ada mimi, luku mimi, mpaka vocha yake mimi, na sijawahi kumsimanga. Sasa mwezi uliopita kaja na mpya, eti mshahara ukiingia nimpe kadi na namba ya siri, yeye ndo atoe hela alafu anipe mimi ya matumizi, maana watoto wanaona kila kitu anatoa mama na yeye anaonekana mwanaume suruali. Nimekataa. Kanuna, wiki ya pili hii analala sebuleni. Mama yangu anasema mpe tu mwanangu ndoa ni stara. Nifanyeje?
*Nesi, Kimara*

Marahaba mwanangu, pole na hongera, vyote viwili unastahili.

Kadi usitoe. Hilo nalimaliza hapa hapa kabla sijaenda mbali. Mshahara ni jasho lako, na Sheria ya Ndoa ya 1971, ndo hiyo tunayoitumia mpaka leo Tanzania Bara, inasema wazi kwamba kufunga ndoa hakubadilishi umiliki wa mali ya mtu. Tena sheria hiyo hiyo kifungu cha 63 kimempa mume jukumu la kumlisha mke, kumvisha na kumpa pa kulala kwa kadiri ya uwezo wake, na mke mwenye uwezo anabeba jukumu la kumtunza mume pale tu mume anaposhindwa kujitafutia kwa sababu ya maradhi au kuumia, mwili au akili. Wa kwako yuko mzima na kijiweni anafika kwa miguu yake. Kwa hiyo hiyo kodi na hiyo vocha ni hisani yako na sio vibaya siku moja na yeye akalijua hilo.

Ila usimsomee vifungu, atahamia sebuleni moja kwa moja. Nilivyomsoma mimi kinachomtesa ni macho ya watoto. Mwanaume wa kwetu tangu anavaa kaptula anaambiwa wewe ndo wa kutunza dada zako, wewe ndo baba wa kesho, hakuna aliyewahi kumwambia baba akikosa mshahara anafanya kazi gani ndani ya nyumba yake, sasa mshahara ulivyokatika akabaki hana pa kusimama. Anachotaka ni ile sekunde ya kutoa noti mfukoni mtoto anaona. Kwa nje linaonekana jambo la kitoto lakini linauma kweli, nimeona watu wazima wenye mvi huku kwetu Temeke wanakopa mikopo ya kausha damu ili tu mke apewe hela ya sikukuu na mume, alafu marejesho ya kila siku anayalipa huyo huyo mke.

Fanya hivi. Siku ambayo hamjagombana kaeni na daftari, andikeni mshahara wako wote na matumizi yote ya mwezi, usifiche hata ile ya saluni na usifiche ya VICOBA, kile kikundi cha kuweka na kukopa, aone mwenyewe kwamba hela inaishia wapi maana nina uhakika anadhani unabaki na nyingi. Alafu kuna mafungu mpe ayasimamie kabisa, mimi ningempa ada na chakula cha jumla. Hela ya fungu hilo unamrushia kwenye simu yake siku hiyo hiyo ya mshahara, unamtumia na ya kutolea, anaenda yeye shuleni kulipa, anahudhuria yeye kikao cha wazazi, anapanda yeye daladala kwenda kufuata mchele na maharage sokoni. Risiti zinarudi kwenye daftari. Watoto watamwona baba anashughulika na hela yako itakuwa imefanya kazi yake bila kupita kwenye mikono inayoomba namba ya siri.

La pili, huyo mtu anajua kutoa mizigo bandarini, hiyo ni elimu, asiizike kijiweni. Uwakala wa forodha unataka leseni ya Mamlaka ya Mapato, TRA, na sio kila mtu anaipata, ila wenye leseni wanahitaji watu wa kuwakimbizia makaratasi na kuwaletea wateja, na Kariakoo imejaa watu wanaoagiza mizigo midogo midogo hawajui hata nyaraka moja inasomwaje. Aanzie hapo kwa kamisheni. Mpe muda mnaokubaliana, na kipindi hicho kupeleka watoto shule na homwek za jioni ni zake, wewe unatoka shifti ya usiku miguu imevimba alafu unapiga magoti kukagua madaftari kweli?

Mama yako mwambie Shangazi kamsalimia na stara naijua, lakini stara ya kukabidhi namba ya siri mimi siijui. Na hili naliweka mwisho nikitumaini halikuhusu, akifikia kukunyang'anya kwa nguvu au kukupiga, kifungu cha 66 cha sheria hiyo kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake, na Dawati la Jinsia lipo kwenye vituo vya polisi.

Kiwanja kimeandikwa jina la mama mkwe

Shangazi mimi ni mwanaume usinicheke. Ni mwalimu wa sekondari Morogoro, mke wangu ni mfanyabiashara, anafuata mzigo Guangzhou kisha anauza jumla Kariakoo, akisafiri mimi ndo nabaki na watoto, napika, napeleka kliniki, kila kitu. Kipato chake kimenizidi mara nyingi sana na sina shida nacho. Juzi nimegundua kanunua kiwanja Kibaha na kakiandika jina la mama yake mzazi. Sikuambiwa hata kwa kukosea. Nilipomuuliza kasema hela ni yake na mimi mshahara wangu hauwezi hata kununua uzio. Je sheria inanisaidiaje, nina haki ya kuona vitabu vyake vya biashara?
*Mwalimu, Morogoro*

Sikucheki mwalimu, mtu anayebaki na watoto mke akiwa China sio wa kuchekwa.

Kisheria majibu yangu hutayapenda yote. Mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanaume kununua mali, kuimiliki na kuiuza, hiyo iko kwenye ile ile sheria ya 1971. Na kifungu cha 60 kinasema mali ikiandikwa jina la mmoja wenu mahakama itaanza kwa kuamini ni ya huyo mmoja mpaka mwingine alete ushahidi, ikiandikwa majina mawili itaanza kwa kuamini mna hisa sawa. Vitabu vya biashara yake huna mlango wa kuvidai mkiwa mnaishi vizuri tu kwenye ndoa.

Lakini kuna jambo mkeo halijui na wewe inaelekea hulijui. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, mpaka leo mawakili hawaiachi mdomoni, wakasema kazi za nyumbani, kupika, kulea, kutunza nyumba, ni mchango kwenye mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Kabla ya hapo mahakimu wengine walikuwa wanaona kupika ni wajibu tu wa mke, hakuhesabiki. (Chungu ni kwamba Bi Hawa mwenyewe alitoka mikono mitupu, mahakama ilisema hela aliyopewa na mume aanzishe mradi aliitapanya na hivyo fungu lake likaliwa humo.) Watu wanaisoma kesi hiyo kama ya wanawake ila kifungu cha 114 kinachotumika kugawa mali wanandoa wakiachana kinataja mchango wa mume na wa mke, wa fedha, mali au kazi. Kwa hiyo mwalimu yale makopo ya uji na zile foleni za kliniki zina uzito, mzigo wa Guangzhou haukujibeba wenyewe, kuna mtu alikuwa nyumbani.

Sasa niulize mimi. Kwa nini kaficha? Umeandika kurasa nzima hukugusa hapo. Wanawake wengi wenye hela ninaowajua wanaandika mali majina ya mama zao kwa sababu wameona kwa macho shemeji zao wanakuja siku ya arobaini na lori, wanabeba mpaka friji. Au kaona ndugu zako kila wiki wana msiba, kila wiki wana mchango. Au na wewe una lako, maana walimu nawajua, salari slipu imekatwa mkopo wa benki mpaka inasoma kama namba ya simu, na huo mkopo je mkeo aliambiwa ulipochukuliwa? Kama hukumwambia basi mmefichana wote wawili, tofauti yenu ni kwamba wewe umeficha deni yeye kaficha kiwanja.

Mkae kwa njia hiyo. Wewe anza kuweka lako mezani kabla hujadai lake. Alafu mwambie kitu kimoja cha kibiashara ambacho naamini atakielewa haraka kuliko hotuba ya mapenzi: kiwanja kikiwa jina la mama, siku mama akifumba macho kinaingia kwenye mirathi ya mama, na warithi wa mama ni kaka zake na dada zake wote pamoja na yule mdogo wa mwisho anayekunywa. Atakuwa amekimbia shemeji zake akaangukia kwa ndugu zake wa tumbo moja. Akitaka kiwe chake peke yake aandike jina lake, kiwe chenu aandike yenu mawili, kiwe cha watoto aulize mwanasheria namna ya kukiweka kwa ajili yao, jina la mama litoke. Na lile neno la uzio, mwalimu, hilo lazima aombe radhi, mtu hapimwi kwa tofali na mwenza wake, mwambie nimesema mimi.

Elfu tano na nyama

Mume wangu anaacha elfu tano kwa siku, tuko watu sita, jioni akikuta dagaa anasusa anauliza nyama iko wapi. Nikisema haitoshi anasema mama yake alikuwa anapika kwa buku mbili.
*Mama sita, Mbagala*

Mwaka gani huo wa buku mbili? Kilo ya nyama kwenye mabucha mengi ya mjini imeshapita elfu kumi, mafuta hapo hujagusa, mkaa hujagusa. Usibishane. Mpe hiyo hiyo elfu tano na kikapu siku za wikiendi mwambie leo sokoni nenda wewe mume wangu mimi nafua, na usimwongezee hata mia. Fanya wikiendi tatu. Asipoelewa baada ya hapo niandikie tena, kutakuwa na tatizo lingine na sio la hesabu.

Wananiambia nimelishwa limbwata

Mambo Shangazi, mimi ni fundi cherehani Mwanza, nashonea nyumbani, wife yuko kiwanda cha samaki anaingia shifti. Kwa vile mimi niko home basi nafua, naogesha mtoto, ugali nasonga mimi, kwangu fresh tu. Bi mkubwa kaja kututembelea na masista wangu wawili, wamenikuta naanika nepi. Bi mkubwa kalia machozi kabisa. Sasa kuna kikao cha familia wanasema nimelishwa limbwata wanataka nipelekwe kwa mtaalamu nikatapishwe, na mke wangu anaambiwa kanikalia kichwani. Wife anataka kuacha kazi ili yaishe. Niende kwenye hicho kikao?
*Fundi, Mwanza*

Nenda, tena nenda na futi ya kupimia uwape na bei ya kushona sare za harusi.

Nacheka lakini linaudhi. Masista zako wakipata waume wanaoanika nepi wangewashangilia mpaka mtaa wa pili ujue, wangesema shemeji yetu ana mapenzi ya kizungu, ila kaka yao akifanya hivyo hivyo ni dawa. Limbwata lako ni shifti, mkeo anaingia kiwandani alfajiri na mtoto hawezi kusubiri mpaka jioni kuoga. Kwenye kikao ongea na mama peke yake kwanza, pembeni, bila hao dada, yeye ndo anayeumia kweli kwa sababu anadhani malezi yake yameshindwa. Mwambie mama wewe ndo ulinifundisha kufua, mke nimemkuta najua. Mweleze na hesabu, mshahara wa mkeo unalipa nini, cherehani zako zinalipa nini, na hela unayomtumia yeye mama kila mwezi inatoka kwenye chungu kipi, hapo uone machozi yanavyokauka. Kutapishwa usikubali, zile dawa za kutapisha watu wanaharibika nazo.

Na mkeo asiache kazi. Akiacha leo ili wakwe wafurahi, ada ikikosekana mwakani hao wakwe hutawaona kikaoni.

Nikimpa mume wangu, nimdai?

Asalaam aleikum Shangazi. Mie niko Likoni, mume wangu aendesha tuktuk ya watu, siku nyingine arudi mkono mtupu baada ya kumlipa mwenye gari. Mie napika mahamri na mbaazi asubuhi, Ramadhani napika viazi karai na kaimati, alhamdulillahi yauzika. Nyumba nimeishika mie miezi mingi sasa. Dadangu aniambia pesa ya mke ni ya mke, dini imesema mume ndie wa kulisha, niandike kila shilingi nimdai. Jirani naye asema nikidai thawabu zapotea. Nishike lipi?
*Muuza mahamri, Likoni*

Waaleikum salaam mwanangu. Dada yako na jirani kila mmoja kashika upande mmoja wa khanga.

Dada yako yuko sawa kwamba nafaqa, yaani matunzo, ni juu ya mume, chakula, mavazi, makazi, hata mke awe tajiri, na mali yako ni yako kuanzia mahari mpaka hiyo ya kaimati, hakuna wa kuigusa bila ridhaa yako. Lakini jirani naye hakutunga. Kuna hadithi mashuhuri ya Bi Zaynab mke wa Abdullah bin Masoud, yeye alikuwa na uwezo na mumewe hana kitu, akaenda kuuliza kama sadaka yake akimpa mumewe na mayatima anaowalea inafaa, Mtume akajibu ana ujira mara mbili, wa ujamaa na wa sadaka. Na Bi Khadija mwenyewe alikuwa mwenye mali na misafara ya biashara, tunalijua sote toka chuoni.

Kwa hiyo uamuzi ni nia yako, na nia uisema wazi kabla ya kutoa. Ukitoa kama sadaka basi umetoa, usiitaje ugomvini, usimwambie mbele ya watoto kwamba hiyo mbaazi anayokula ni yangu, masimango yanaila hiyo thawabu. Ukitoa kama mkopo mwambie ni mkopo, muandikiane, na Qurani imetuamrisha kuandikiana madeni wala haikutoa mke na mume. Ubaya ni ule wa katikati, kutoa kimya kimya kama sadaka alafu siku ya kukasirika yageuka deni. Mie kwa maoni yangu chakula kifanye sadaka, ila akitaka mtaji wa kununua tuktuk yake mwenyewe hapo andika mkopo, na jina lako liwe kwenye makaratasi ya hiyo tuktuk. Hilo la pili zungumza naye mapema maana naona ndilo litakalomtoa kwenye kumlipa mwenye gari kila siku. Na mambo ya mali yakiwafikisha mbali, Kenya sheria ya mali ya wanandoa ya 2013 inamruhusu Muislamu afuate sheria ya Kiislamu, kadhi yupo.

Niko Muscat, nyumba inajengwa kwa jina lake

Shangazi naandika nikiwa nimejifungia bafuni. Nafanya kazi za ndani Muscat mwaka wa tatu sasa, nalipwa riali 80 na karibu yote natuma nyumbani kwa mume wangu, tumekubaliana tunajenga Chanika. Picha ananitumia, msingi, kuta, sasa wamefika lenta. Wifi yangu ambaye tunapatana kaniambia kiwanja kimeandikwa jina la mume wangu peke yake, na kuna mwanamke kaonekana anauza duka kwenye fremu ya mbele. Nilipomuuliza mume kawaka, eti siku hizi nina kiburi cha riali, nataka kumtawala, mwanamke akishapata hela haolewi tena. Nikiacha kutuma atasema nimeivunja ndoa. Nikiendelea naona kama najenga nyumba ya mwenzangu. Nimechoka.
*Mama wawili, Muscat*

Mwanangu pole sana, na kuuliza jina liko wapi kwenye karatasi ya nyumba unayoilipia sio kiburi. Angekuwa yeye ndo yuko Muscat wewe uko Chanika angeuliza siku ya kwanza, na hakuna mtu angesema anataka kutawala.

Maana ndo hapo wengi wanapokwama, mwanamke anatoka kwenda kutafuta nje, mume anabaki na watoto na simu ya kupokelea hela, kila mtu anaona kimegeuka kichwa chini lakini maamuzi yote yamebaki pale pale, tofali gani, fundi gani, jina gani, vyote anaamua aliyebaki. Wewe umekuwa wa kutuma tu. Simlaumu kwa kubaki na watoto, hiyo ni kazi na nimemtetea mwalimu wa Morogoro hapo juu kwa sababu hiyo hiyo, nyumba na yeye ana jasho lake humo. Nalaumu kuandika jina moja kimya kimya.

Haujapoteza. Kifungu cha 60 nilichokitaja kinaanza kwa kuamini ni ya mwenye jina, ila kinakubali kupingwa kwa ushahidi, na ushahidi wako uko mkononi mwako sasa hivi. Kila risiti ya kutuma hela, tangu ya kwanza, ipige picha. Ukiwa umetumia duka la kubadilisha fedha, rudi pale waombe orodha ya miamala yako ya nyuma. Zile picha za msingi na kuta pamoja na maneno yake ya WhatsApp, "hela ya saruji imefika", "ongeza ya nondo", usifute hata moja, zihifadhi kwenye barua pepe au mtumie dada yako mmoja unayemwamini, simu inaibiwa na bosi anaweza kuizuia. Hizo ndo zitakazoonyesha mchango wako siku yoyote ile mtakayofika kwenye kifungu cha 114.

Pili, Chanika viwanja vingi watu wananunua kwa karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri serikali ya mtaa, hati bado. Hapo ni afadhali kwako, maana bado kuna nafasi ya kurekebisha kabla hati haijatoka. Mtume ndugu yako wa damu, sio wifi, aende kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa aone nakala na aache barua yako yenye jina lako inayosema wewe ni mke, mmenunua pamoja na haukubali kiuzwe bila wewe. Nyumba ya wanandoa mume haruhusiwi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mke, kifungu cha 59, ila mnunuzi ambaye hajui kama kuna mke atasema aliuziwa kihalali na utaanza kuzunguka mahakamani na wewe uko mbali.

Hela usikate ghafla. Badilisha mlango inapopitia. Ya watoto, chakula na ada, endelea kumtumia yeye kama kawaida tena kwa wakati, asipate la kusema. Ya ujenzi lipa mwenyewe moja kwa moja, duka la vifaa lina namba ya kulipia, fundi ana simu, mabati unaweza kuyanunua wewe ukiwa huko huko na risiti ikaandikwa jina lako. Mwambie kwa upole, mume wangu kuanzia kuezeka vifaa nalipa mimi dukani wewe simamia fundi, na tukimaliza hati tunaandika majina mawili. Sikiliza atakavyojibu. Akikubali bila vita basi inawezekana ilikuwa ni mazoea tu, wanaume wengi wanaandika jina moja kwa sababu baba zao waliandika hivyo. Akikataa kabisa kabisa umeshapata jibu lako na bado una mabati yako. Mkishindwana kuna baraza la usuluhishi la ndoa, au wazee wa pande zote mbili wakae ndugu yako awe pale kwa niaba yako na wewe uwe kwenye simu.

Riali chache bakiza kwenye akaunti yako, kila mwezi bila kukosa. Mkataba ukiisha nauli ya kurudi na miezi ya mwanzo ukiwa huna kazi hazitatoka kwenye lenta.

La huyo mwanamke wa kwenye fremu nimeliona. Anaweza kuwa mpangaji, na kama ni mpangaji basi kuna kodi inalipwa na wewe hujaambiwa inaenda wapi, muulize hilo la kodi kwanza. Kama ni lile lingine unaloogopa, utaliuliza ukishapata nakala ya ile karatasi ya serikali ya mtaa.